Maua ya Nyuma ya Bafu

Mwezi uliopita nilisimama kwenye kitalu cha miche kando ya barabara kutafuta mche wa mlimao. Mwanamke aliyekuwa akiuza alikuwa amepanga maua mbele kabisa, kila mche kwenye kifuko chake cheusi cha nailoni, na safu ya kwanza ilikuwa ya yale maua ya njano na ya rangi ya chungwa yenye vichwa vilivyojazana petali. Nilichuma jani moja bila kuomba ruhusa, nikalisugua katikati ya vidole viwili, nikanusa. Watu wa umri wangu waliokulia karibu na maua hayo hawahitaji kuelezwa harufu ile. Kwa wengine nitajaribu: ni kali, ina uchungu kidogo, inakaribia harufu ya ganda la chungwa lililodondokewa na mafuta ya taa, na ikishashika vidole haitoki kwa kunawa mara moja. Muuzaji aliniambia yanaitwa marigodi. Nilimjibu kwamba najua, ingawa jina hilo nililipata nikiwa mtu mzima, kwenye kitabu cha bustani nilichonunua kwa muuza vitabu vya mitumba. Nyumbani kwetu Kibaoni, Ifakara, yaliitwa maua ya Mama Tekla, kwa sababu mtaani kwetu hakuna aliyekuwa nayo isipokuwa mama yangu. Tekla ni mimi.

Mbegu zililetwa na mama mdogo aliyeolewa kijiji cha Kisawasawa, zikiwa zimefungwa kwenye kipande cha gazeti. Ni mbegu nyembamba, nyeusi, ndefu kuliko unavyotegemea, na kila moja ina mkia mfupi wa rangi ya majani makavu. Mwaka wa kwanza mama alizipanda chini tu, mbele ya nyumba. Udongo wetu ni mfinyanzi na masika maji husimama, kwa hiyo mizizi ilioza kabla ua la kwanza halijafunguka. Mwaka wa pili aliinua tuta, kimo cha kiganja kilichosimamishwa, na miche ikashika. Hakuna aliyemfundisha. Hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya kujifunza kila kitu: kuharibu mara moja, kutazama palipoharibika, na kurekebisha hapo tu.

Miche ilipofika kimo cha penseli mpya, asubuhi moja mama aliipitia yote akaikata vilele kwa kucha ya kidole gumba. Mimi nililia. Shuleni tulikuwa tumenyolewa vichwa darasa zima baada ya mmoja wetu kukutwa na chawa, na nilielewa kwamba miche nayo imefanya kosa fulani. Mama hakuwa mtu wa maelezo marefu, aliniambia nisubiri. Baada ya siku chache kila mche ulitoa matawi manne au matano pale ulipokatwa, na baadaye kila tawi likabeba ua. Nikahitimisha kwamba adhabu hukuza, hitimisho ambalo mwalimu wetu alikuwa nalo tayari.

Baba alikuwa fundi baiskeli. Alifanyia kazi chini ya banda la bati mbele ya nyumba, hatua kumi kutoka kwenye tuta, na kwa kuwa Ifakara nzima ilitembea kwa baiskeli hakukosa watu. Kila mteja aliyesubiri pancha izibwe aliyatazama maua, na baba alijiona ana wajibu wa kuyaombea radhi. Aliwaeleza kwamba, kama ingekuwa hiari yake, pale pangekuwa na mchicha.

“Ua halipikwi,” alikuwa akisema, kwa sauti ya kutosha kufika jikoni.

“Na spoki zinapikwa?” mama aliuliza siku moja kutoka humo jikoni. Wateja walicheka mpaka mmoja akaangusha pampu, na tangu siku hiyo baba alilisema neno lake kwa sauti ya chini zaidi.

Kazi yangu ilikuwa kubeba vichwa vilivyokauka. Mama aliviondoa kila Jumamosi ili mmea usimalizie nguvu kwenye mbegu bali uendelee kuchanua. Viwili vitatu vilivyo bora alivihifadhi kwenye kopo kwa msimu ujao, vingine alinipa nikavitupe kwenye shimo la taka. Shimo lilikuwa mwisho wa kiwanja, baada ya migomba, na mimi nilikuwa mvivu. Nyuma ya nyumba kulikuwa na choo cha shimo, na ubavuni mwake kulikuwa na bafu la uzio wa matete lisilo na paa. Nilizunguka nyuma ya bafu, mahali ambapo mtu hakuwa na sababu ya kwenda, nikavimwaga hapo. Nilifanya hivyo Jumamosi nyingi.

Masika yalikwisha, mpunga ukavunwa, tuta la mbele likaanza kupasuka kwa jua. Siku moja nilipozunguka nyuma ya bafu nilikuta kumeota bustani. Mimea ilinifika kiunoni, na maua yake yalikuwa makubwa kuliko ya mama. Sikumwambia mtu. Nilijua nimetupa mahali ambapo sikuagizwa, na juu ya hilo nilijua kwamba maua yale yalikuwa ya chooni. Kwa akili yangu ya miaka kumi, ukubwa wake ulikuwa na sababu moja tu, na sababu hiyo sikutaka kuifikiria wakati wa kula.

Kanisani kwetu jumuiya, yaani vikundi vya waumini wa mtaa mmoja, zilipokezana zamu ya usafi na mapambo, kila jumuiya wiki moja, Jumamosi hadi Jumamosi. Mapambo ya kawaida yalikuwa matawi ya bogenvilia, ambayo hupukutika ukiyatazama, na majani ya michikichi. Mwaka ule zamu yetu ilipofika, mama alisimama kwenye jumuiya akasema maua ya altare atatoa yeye. Alikuwa mtu mkimya, na nilimwona akishika ncha ya kanga yake alipokuwa akisema. Mwenyekiti wa jumuiya, Mama Fidelis, alisema sawa. Mama Fidelis alikuwa mwanamke mrefu mwenye neno la mwisho katika kila jambo, kuanzia chumvi ya maharage ya msibani hadi urefu wa sala.

Jumamosi asubuhi, kabla jua halijapanda, mama alikata maua aliyokuwa nayo, akayabeba kwenye ndoo yenye maji kidogo. Altareni kulikuwa na vyombo vitano vya shaba, na maua ya ndoo yalijaza vitatu. Mama alinituma nyumbani kukata mengine. Kwenye tuta nilipata sita. Nilisimama nikiwa na kisu mkononi, nikafikiria vyombo viwili vitupu, nikafikiria mama alivyoshika kanga yake, halafu nikaenda nyuma ya bafu nikakata ishirini. Aliyapokea akasema tu kwamba haya yana vikonyo virefu. Alipotaka kuyapunguza majani, Mama Fidelis alimzuia. Alisema majani yaachwe yote, yanajaza chombo, na chombo cha altare kisionekane kama kichwa cha mtu aliyetoka kunyolewa. Vikonyo vikasukumwa ndani na majani yake mpaka chini.

Jumapili ile sijaisahau. Mwanga wa asubuhi uliingia kwa dirisha la upande, ukayagonga maua yale, na altare nzima ilionekana kama imewashwa. Baada ya misa watu walimpa mama mkono. Alitembea polepole sana kurudi nyumbani, na nilielewa baadaye kwamba aliwaacha makusudi wale waliokuwa nyuma watufikie. Baba mwenyewe alikiri, akiwa anavua viatu, kwamba mchicha usingependeza pale.

Alhamisi jioni kulikuwa na ibada ya kuabudu Sakramenti, na sisi watoto wa komunyo ya kwanza tulipelekwa na katekista, tukakaa mabenchi ya mbele. Harufu ilitufikia kabla hatujapiga magoti. Haikuwa ile kali ya jani lililosuguliwa. Ilikuwa ya kuoza, nzito, ya mtaro wenye kitu kilichofia ndani. Rafiki yangu Kandida alinisogelea sikioni.

“Maua ya mama yako yamejamba,” alisema.

Kiongozi mmoja wa parokia alinyanyua maua ya chombo kimoja, na vikonyo vikatoka na utelezi wa kijani unaoning'inia. Mama Fidelis alivitoa vyombo vyote vitano nje kwa mikono yake, safari tano, mbele ya kanisa lililojaa, na kila safari alipita mbele ya mama bila kumtazama.

Wiki iliyofuata jumuiya ilikutana. Sikukuu ya komunyo ya kwanza ilikuwa inakaribia, na kwa kuwa watoto wengi walitoka kwetu, altare ya siku hiyo tulipewa sisi. Mama Fidelis alisema yaletwe maua ya plastiki, yale yaliyoanza kuonekana madukani, hayanywi maji wala hayanuki, na kila nyumba ichangie. Hakuna aliyepinga. Mama alichangia kama wengine. Kuanzia siku hiyo hakulimwagilia tuta. Alipita kando yake kwenda kisimani na kurudi, ndoo kichwani, kama vile pale hapana kitu. Jioni moja alimwambia baba kwamba Jumamosi atang'oa, apande mchicha wake.

Baba aliacha kutania. Alisema mchicha unaweza kusubiri. Mama akasema hausubiri.

Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa najua, au niliyeamini najua, kilichonuka altareni. Katekista alitusomea orodha ya dhambi ili kila mmoja ajichunguze kabla ya kuungama: kusema uongo, kuiba, kuwakosea wazazi heshima. Nilisikiliza orodha mpaka mwisho nikingoja yangu. Haikuwemo. Nikaamua kwamba ni kubwa mno kuandikwa. Nilikuwa nimeyachukua maua ya chooni nikayaweka mbele ya Sakramenti, na Mungu alikuwa amevumilia siku tano, ya sita akaonyesha. Mama alikuwa anaadhibiwa kwa ajili yangu.

Kitubio chetu cha kwanza kilikuwa Jumamosi, siku nane kabla ya komunyo. Padre ndiye aliyefungwa na siri ya kitubio asiseme. Mimi sikufungwa, kwa hiyo naweza kueleza. Nilianza na uongo wangu mdogo mdogo, nikautoa haraka. Padre akauliza kama kuna lingine.

“Niliweka maua ya chooni kwenye altare.”

“Maua ya chooni,” alirudia.

“Yaliota nyuma ya choo, Padre. Ya mama hayakutosha.”

“Yalikuwa mazuri?”

“Yalikuwa makubwa kuliko ya mama.”

Nilisikia akikohoa, au kitu kinachofanana na kukohoa. Kisha akaniuliza nani mwingine anajua.

“Mungu tu.”

“Sasa mwambie na mama yako,” alisema. “Hayo ndiyo malipizi yako.” Nilimwomba kama naweza kusali rozari nzima badala yake. Alikataa.

Nilipofika nyumbani mama alikuwa kwenye tuta na jembe. Alikuwa ameshang'oa mistari miwili, na miche ilikuwa imelala pembeni, mizizi juu. Nilimwambia nikiwa nimesimama mbali kiasi ambacho mkono wake usingenifikia. Nilimwambia yote: vichwa vikavu, shimo la taka, nyuma ya bafu, yale ishirini ya vikonyo virefu. Aliegemea mpini akanisikiliza mpaka mwisho.

“Twende ukanionyeshe,” alisema.

Nyuma ya bafu alisimama na jembe lake begani. Kulikuwa na nyuki wengi. Mimea ilikuwa imetanda hadi kwenye uzio wa jirani, mamia ya maua, mengine ya njano tupu, mengine ya rangi ya chungwa iliyoiva. Mama alikata ua moja, akalinusa, akaninusisha na mimi.

“Linanuka nini?”

“Linanuka ua.”

“Choo kimo humo?”

Nilinusa tena. Nilitaka kiwemo, ili niwe nimesema kweli. “Hakimo.”

Akainama akatazama ardhi. Kutoka chini ya uzio wa matete kulikuwa na kijimfereji chembamba, kilicholowa, kikipita katikati ya mashina. Alikifuata kwa kidole mpaka kwenye tundu la kutolea maji ya bafu, akacheka peke yake, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Choo kilikuwa upande mwingine, na ardhi yake ilikuwa kavu kama ya kila mahali. Maua yangu yalikuwa yakinyweshwa maji ya kuogea ya nyumba nzima, asubuhi na jioni, kiangazi chote, wakati tuta la mbele likingoja ndoo moja ya kisimani. Leo ningeweza kuliona hilo kwa kutupa jicho. Wakati ule nilihitaji kuonyeshwa, na hata baada ya kuonyeshwa sikuridhika moja kwa moja, kwa sababu swali lilikuwa bado lipo, na mama ndiye aliyelisema: kama si choo, altareni kilinuka nini?

Alikwenda kumuuliza baba, si kwa kuwa baba alijua maua. Baba alikuwa ameshika tyubu juu ya karai la maji, akiizungusha na kuizamisha kipande kwa kipande, akitafuta povu linapotokea. Alimsikiliza huku akiendelea kuzungusha.

“Hutafuti tundu kwa kutupa tairi, Mama Tekla,” alisema. “Zamisha kipande kimoja, tazama. Kisha kingine.”

Mama alikaa kwenye kigoda cha wateja akafikiri. Halafu akaniagiza makopo manne ya mafuta ya kupikia, yaliyooshwa kwa majivu. Kopo la kwanza alitia maua ya mbele na majani yake yote. La pili, maua ya nyuma ya bafu na majani yake yote. La tatu, ya mbele, yakiwa yamenyonyolewa kila jani ambalo lingegusa maji. La nne, ya nyuma, yakiwa yamenyonyolewa vilevile. Maji yote yalitoka ndoo moja. Makopo yalipangwa juu ya kabati, na mimi nilifunga uzi kwenye kila moja, fundo moja, mawili, matatu, manne. Nimesoma vitabu vingi tangu wakati huo kuhusu namna ya kupima jambo, na sijakuta mpangilio ulionivutia zaidi ya ule.

Tulikubaliana kungoja mpaka Jumatano. Mwamuzi alichaguliwa baba, kwa sababu mama alisema pua isiyopenda maua haitayapendelea. Jumatano, saa ya chai ya jioni, baba alikaa kitini. Alitaka kujifunga macho kwa kitambaa chake cha kufutia grisi, mama akamkatalia, kwamba kingemharibia pua, akamfunga kwa kanga. Nilimpelekea makopo nikiyachanganya, bila kusema namba. La kwanza alilonusa lilikuwa na mafundo manne. Alisema ni maua, kwani kuna nini. Lililofuata lilikuwa na matatu. Maua tena, alisema, mnanipotezea muda. Nikamletea lenye moja, akarudisha kichwa nyuma kwa nguvu hadi akakigonga ukutani.

“Humo kuna nani?” aliuliza. “Mzikeni.”

Lenye mawili alilisukuma kabla halijamfikia. Nilisoma mafundo mara ya pili, nikayasoma ya tatu. Yaliyooza yalikuwa yale yenye majani ndani ya maji, ya mbele na ya nyuma sawasawa. Maua ya nyuma ya bafu yaliyonyonyolewa yalikuwa yamesimama kama yaliyokatwa asubuhi. Nilihisi kitu kikifunguka kifuani. Si msamaha, msamaha nilikuwa nimeshapewa Jumamosi. Ilikuwa furaha ya kujua jambo lenyewe lilikuwa nini.

Jumuiya ilikutana siku ya pili, Alhamisi, na mama alikwenda na makopo mawili, la pili na la nne. Maua ya plastiki yalikuwa tayari yamenunuliwa, yakiwa bado kwenye mfuko. Mama aliweka makopo mbele ya Mama Fidelis akamwomba anuse lile, kisha lile. Alieleza habari ya majani. Hakutaja nani aliyesema majani yaachwe, na hakuna aliyemkumbusha. Alisema yuko tayari kubadilisha maji ya vyombo vyote kila asubuhi, wiki nzima.

Mama Fidelis alinusa yote mawili. “Komunyo ni Jumapili,” alisema, “na Alhamisi kuna kuabudu. Yakinuka Alhamisi nitayatoa mwenyewe mbele ya watu, na sitaki kuyasikia tena.”

“Yatoe,” mama alisema. “Na tuta nitang'oa lililobaki.”

Tuliporudi nyumbani baba alimuuliza kama amemwambia Mama Fidelis maua yametoka wapi. Mama alijibu kwamba akiulizwa atasema, na hajaulizwa.

Jumamosi tulikata maua tangu alfajiri, na karibu yote yalitoka nyuma ya bafu, kwa kuwa tuta la mbele lilikuwa limekauka na nusu limeng'olewa. Tuliyakata yakiwa yamefunguka karibu kabisa, kwa sababu machanga huinamisha shingo ndani ya maji, na tuliyanyonyoa majani mpaka vidole vikawa vya kijani. Jumapili nilipokea komunyo nikiwa na gauni jeupe la kushonewa, nikitazama vyombo vitano vya shaba badala ya kumtazama padre. Kuanzia Jumatatu niliamka na mama saa kumi na mbili kwenda kumwaga maji na kutia mapya. Tulikata ncha za vikonyo kidogo kila mara. Jumatatu hapakuwa na harufu, Jumanne hapakuwa na harufu. Jumatano nilinusa nikaona kama ipo, nikanusa tena, ikawa ni mshumaa.

Alhamisi tulifika mapema, lakini Mama Fidelis alikuwa ametutangulia. Alikuwa amesimama altareni peke yake, ameinamia chombo cha katikati kwa uso wote, kama mtu anayechungulia kisima. Aliinuka, akaenda chombo cha pili, na cha tatu, akavimaliza vyote vitano. Kisha akashuka, akapiga goti, akakaa kwenye benchi lake. Ibada ikaendelea mpaka mwisho. Hakuna chombo kilichotolewa nje.

Tulipotoka alitusubiri mlangoni. Nilimwamkia, akaitikia marahaba akiwa anamtazama mama. Alisema angependa kuiona hiyo bustani. Nilimtazama mama, naye akatazama barabara. Tulitembea watatu mpaka Kibaoni, wao wakizungumza bei ya mchele, mimi nikihesabu nyumba zilizobaki. Kwenye banda la bati hapakuwa na mtu. Baba alikuwa amefunga kazi.

“Tekla, mpeleke Mama Fidelis akaone,” mama alisema, akaingia jikoni kwa haraka ambayo sikuwahi kuiona kwake.

Mama Fidelis alikuwa ameshasimama kwenye tuta. Alitazama mistari iliyong'olewa, akatazama miche michache iliyobaki, isiyo na ua hata moja.

“Ni hapa?”

“Hapana, Mama. Nyuma.”

Nilimwongoza kupita ubavuni mwa nyumba, kupita choo, tukazunguka bafu. Alisimama. Nyuki walikuwa bado wapo. Alitazama maua, akatazama choo, akatazama uzio wa matete, na wakati huohuo ndani ya bafu kukasikika maji yakimwagwa kwa kopo, na kijimfereji kikaanza kutiririka miguuni pake, kina povu la sabuni, kikipita kati ya mashina.

“Nani huko?” baba aliuliza kutoka ndani.

“Ni mimi, Mama Fidelis.”

Kopo liliwekwa chini. “Aa. Tumsifu Yesu Kristo.”

“Milele amina.”

Maji yalipungua, yakawa matone. Mama Fidelis alinigeukia.

“Ya altareni yalitoka hapa?”

“Ndiyo, Mama.”

Yeye aliinama taratibu, akavunja kichwa kimoja kilichokauka, akakisugua kiganjani na kupuliza makapi. Zilibaki mbegu nyeusi. Kisha akafungua pindo la kanga yake, akazimimina humo, akavunja kichwa cha pili na cha tatu, akafunga fundo. Ndani ya bafu baba alikuwa bado nusu ameoga, akiona haya kujimwagia maji.

“Baba Tekla,” Mama Fidelis alisema, “oga tu. Na maji usiyabane.”